Kompyuta inavyomwongoza daktari kuunga paja lililovunjika

Mkazi wa Ushetu, wilayani Kahama, anayevunjika paja kwa ajali ya bodaboda au kwa kuangukiwa na kifusi machimboni, huwa mbali na vyumba vya upasuaji vinavyoongozwa na kompyuta. Hata hivyo, tatizo ambalo mitambo hiyo ilibuniwa kulitatua ni lake pia.

Mgonjwa asiyefanyiwa upasuaji hulazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Akifanyiwa, daktari hupitisha chuma kirefu katikati ya mfupa, njia iliyoasisiwa na Mjerumani Gerhard Küntscher mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha hukikaza kwa skrubu juu na chini. Zile za chini ndizo zenye kazi. Chuma hujipinda kidogo kinapoingia, na matundu yake, yakiwa yamefichwa na mfupa na nyama, hayapo tena pale daktari alipoyatarajia.

Katika hospitali zenye uwezo, kamera maalumu hufuatilia alama zilizofungwa kwenye mfupa na kwenye keekee, nayo kompyuta huonyesha juu ya picha ya eksirei mahali ncha ya keekee inapoelekea. Daktari hapigi picha mara kwa mara, hivyo mionzi hupungua. Lakini alama ikisogea bila yeye kutambua, skrini nayo humpotosha.

Mtambo huo ni ghali na hauvumilii umeme wa kukatikakatika. Jibu rahisi zaidi, na kwa mazingira yetu pengine bora, limetolewa na SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Chuma chake huunganishwa na mkono wa nje wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani, na daktari huweza kuyapata bila eksirei katika chumba cha upasuaji. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni miongoni mwa waliovitumia vyuma hivyo.

Kompyuta hapo huja baadaye. Daktari hutuma kwa intaneti picha za eksirei za mgonjwa, wenzake walio nje huzipitia na kutoa maoni, na shirika humrejeshea vyuma alivyotumia.

Kwa aliyevunjika hadi mfupa ukatoboa ngozi, cha kwanza ni dawa za kuua vijidudu, kuoshwa kidonda mapema na kufungwa banzi kabla ya safari ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza.