Usidai Faili, Dai Nakala

Swali huja kwa sura ileile, na mara nyingi kwa sauti ya juu, kwenye dirisha la masjala: "Nimelipa bili yote, faili ni langu, mbona mnanikataza kuondoka nalo?" Anayeuliza hivyo hujinyima mwenyewe anachokihitaji, kisha hurudi nyumbani akiamini sheria ndiyo iliyomnyima. Sheria za Kenya hazimpi mgonjwa faili. Zinampa kitu chenye manufaa zaidi, ambacho wengi hawakiombi.

Hoja ya malipo ndiyo inayoshikiliwa kuliko zote, basi tuimalize kwanza. Bili hulipia uchunguzi, dawa, kitanda na ujuzi wa waliokuhudumia. Ukimlipa fundi cherehani unachukua nguo. Daftari lake la vipimo hubaki dukani, ingawa vipimo ni vya mwili wako. Utasema afya si nguo. Kweli, na kwa sababu hiyohiyo faili lazima likae pale lilipo. Humo daktari ameandika alichokiona, alichokishuku, dawa aliyoagiza na saa aliyoiagiza. Huo ni ushahidi wa kazi yake, na wa kwanza kuuhitaji ni wewe. Siku utakapolalamika kwamba upasuaji uliharibika, faili lililotunzwa masjala na kurasa zake zote litamlazimu daktari ajibu aliyoyaandika kwa mkono wake. Faili lililolala miaka mitatu chini ya godoro lako halimlazimu mtu. Wakili wa hospitali atauliza ukurasa wa nne ulikwenda wapi, nawe hutakuwa na la kusema. Anayetoroka na faili huifanyia hisani hospitali ileile anayoishuku. Tena humo hamna habari zako peke yako: huenda mna maneno ya ndugu au mwenzi aliyezungumza na daktari kwa siri, na siri hiyo huwezi kuinunua kwa risiti.

Wapo watakaojibu kwamba zahanati huwaambia wagonjwa waje na daftari lao, na kwamba mama huenda nyumbani na kitabu cha mama na mtoto. Ndiyo, vitabu hivyo unabaki navyo. Lakini zahanati hiyohiyo imekuandika pia kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, na rejista haitoki. Mfano huo basi unaonyesha tu kwamba kumbukumbu zinaweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hoja yangu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hospitali nazo, kwa kuwa karatasi ni zake, hujifanya zinamiliki hata yaliyoandikwa humo. Hapo wanaokosea ni wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti na inakupa haki ya kuzipata. Kanuni zake za 2021 zinataka ombi hilo litimizwe ndani ya siku 7, bila malipo. Hakuna inaposema umalize deni kwanza. Deni lina njia zake za kudaiwa, na kumbukumbu za mgonjwa si rehani. Wala huu si ubunifu wa Nairobi: Mahakama ya Juu ya Canada, katika kesi ya McInerney dhidi ya MacDonald mwaka 1992, iliamua kwamba karatasi ni za daktari, lakini mgonjwa ana haki ya kuyasoma yaliyomo na kupata nakala.

Basi fanya hivi. Andika barua yenye jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya faili na tarehe za matibabu. Taja unachotaka: muhtasari uliotolewa uliporuhusiwa kwenda nyumbani, orodha ya dawa, ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara. Picha za CT na MRI ziombe kwenye CD. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp haimsaidii daktari. Kama ni saratani, ulizia vioo na vipande vya tishu vilivyohifadhiwa maabara, maana daktari mpya huenda akataka visomwe upya. Ukimtuma mtu, mpe barua ya idhini yenye sahihi yako. Ukihamia hospitali nyingine, chukua barua ya rufaa na uagize data zako zipelekwe huko moja kwa moja. Sheria inatoa siku 30, kwa gharama ya kiasi. Wakikataa, wataje sababu kwa maandishi, kisha mpelekee malalamiko Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na hata zikitumwa salama, baki na nakala yako, kwa sababu hospitali mpya nayo haitakupa faili lake.