Kulaza Chombo Bariadi

Oya, kijiweni hakuna stori tamu kama ya nani analaza pikipiki zaidi kwenye kona. Goti nusura liguse lami, abiria kapiga ukunga, mwana kauza sura, fresh. Na kila msela ana klipu za MotoGP kwenye simu: majamaa wanalaza kupita nyuzi 60, kiwiko kinaburuza chini, halafu wanainuka kiroho safi. Sawa, ila wale wana tairi pana, laini, linalopashwa moto kabla ya mbio. Wewe una Boxer, tairi jembamba la inchi 17, na kona imejaa mchanga ulioletwa na mvua ya jana.

Ishu ni kwamba chombo hakilali kwa ujasiri wako. Kinalala kwa spidi na ukali wa kona, basi. Chukua kona ambayo ukiikamilisha iwe duara, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 30. Ukiingia na kilomita 40 kwa saa, chombo kinadai nyuzi kama 23 kutoka wima. Poa, hata bi mkubwa uliyempakia hashtuki. Ukiingia na 60, kinadai 43. Umeongeza 20 tu, mlalo umekaribia mara mbili, na kwa tairi zetu hapo hata lami kavu inaanza kukukataa.

Uzito haumo kwenye hiyo hesabu. Upige mishikaki, ubebe gunia la pamba, nyuzi ni zilezile. Kinachobadilika ni shokapu: zimekaa chini, kwa hiyo stendi inakwangua lami mapema. Ukisikia chuma kinakwaruza, usichukulie mzuka. Chombo kimeishiwa nafasi, kikilala zaidi ya hapo kinanyanyua tairi.

Sasa noma ya mkoa wetu wa Simiyu ni kwamba nchi iko tambarare. Ukitoka Bariadi kuelekea Lamadi lami inanyooka, unazoea 80 mpaka unaona kama 40. Kona ikija unaikadiria kwa macho yaliyolewa spidi. Ndio maana kazi yote inamalizwa kabla: brek, gia, halafu ndio unalaza, macho yakiangalia utakakotokea, siyo shimo unalolikwepa. Kona ya kushoto sukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele kidogo, chombo kinajilaza chenyewe. Ukishalala, achana na brek ya mbele kabisa. Na angalia kinyesi cha ng'ombe. Kikiwa kibichi kinateleza vibaya, na huku ng'ombe hawapungui.

Kuchepuka kutoka lami kuingia vumbi ndiko masela wengi wanakokula mzinga, maana wanakuja na mlalo wa lami. Kwenye luseni kavu, ule mchanga, tairi la mbele linaelea. Laza chombo kidogo sana, mwili wako ubaki wima, moto uwe uleule. Kwenye mbuga iliyolowa, ule udongo mweusi, sahau kabisa habari ya kulaza; unaganda kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki unasukuma.

Abiria naye ana lake. Wewe unalala kushoto, yeye anajivuta kulia kwa woga, chombo kinapanua kona na lori linakuja. Mwambie kabla hujaondoka: angalia juu ya bega langu la upande tunaokata. Inatosha.

Na ukitaka kumjua mtu, acha stori zake, chungulia tairi lake la nyuma. Huku kwetu mengi yameisha katikati tu, bapa kama kiti, pembeni bado vinyweleo vya kiwandani. Tairi la hivyo halilali taratibu. Linagoma, likivuka ukingo wa ule ubapa linadondoka ghafla. Muulize mwenyewe, atakwambia bado liko fiti, linasubiri msimu wa pamba.