Majina ya Vyeo na Uongozi wa Wanawake Vijijini

Kiswahili hakimlazimishi msemaji kubadili jina la cheo kinaposhikwa na mwanamke. Mwenyekiti, mjumbe, diwani na mtendaji ni majina ya watu wote, wake kwa waume. Katika lugha nyingine za Kibantu mambo ni yayo hayo: Theresa Ntare, aliyetawala Heru katika nchi ya Waha, aliitwa Mwami kama watawala wanaume, kabla utawala wa machifu haujafutwa Tanganyika mwaka 1963.

Basi, kama sarufi haibagui, ubaguzi huingia wapi? Huingia katika maneno yanayofuata jina. Katika halmashauri ya kijiji ya Tanzania, yenye wajumbe 15 hadi 25, baadhi ya wanawake huitwa “wajumbe wa viti maalumu”. Nao wamechaguliwa kwa kura za wanakijiji wale wale waliowachagua wenzao. Lakini mwenzao huitwa mjumbe tu. Neno “maalumu”, ambalo kwa asili ya Kiarabu lina maana ya kinachojulikana, hapa limepata maana ya kutengwa, na wengine huliona kama hisani. Mwenyekiti ni mwenye kiti. Wa viti maalumu huonekana kama aliyeazimwa.

Jambo hili si la maneno matupu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji kuwa na watu 7, na 3 kati yao sharti wawe wanawake. Baraza hilo hupatanisha wanaogombea ardhi. Mjane anayedai shamba aliloachiwa na mumewe anahitaji kusikilizwa na wajumbe wenye sauti sawa. Sheria inaweza kuhesabu viti. Haiwezi kuamuru neno la aliyekikalia lipewe uzito gani.

Huenda msomaji akasema kwamba “mama mwenyekiti” ni heshima. Ni kweli, wala hatupendi heshima hiyo ipotee. Lakini “ndugu mwenyekiti” humfaa mwanamke na mwanamume, na huanza na usawa. Katika muhtasari wa mkutano, ambao ndio kumbukumbu ya kijiji, yafaa kila mjumbe aandikwe mjumbe, bila nyongeza. Lugha yetu ilikwisha kufungua mlango huo zamani. Tusiufunge kwa vivumishi.