Trakteri ya zamani inapiga “tak-tak”: uangalie nini mbele ya kufungua motere yote?

Mwezi wa tisa, mvua ya msimu A ikianza, trakteri ikilala wiki moja garaji, kuna mashamba yatakayobaki bila kulimwa. Ndiyo maana mwenye trakteri akisikia “tak-tak-tak” juu ya motere, roho inamruka. Mara nyingi anaambiwa: “Motere imekufa, tufungue yote.” Lakini si kila wakati.

Chini ya kifuniko cha juu kuko supape, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kila supape inasukumwa na kilbiteri, mkono mdogo wa chuma unaocheza juu ya shafti. Katikati ya kilbiteri na supape lazima kubaki nafasi ndogo sana. Kwa Massey Ferguson 135 yenye motere Perkins ya silinda tatu, ni milimeta 0,30 motere ikiwa baridi.

Nafasi ikizidi, chuma kinapiga chuma. Ikipungua, ni hatari zaidi, sababu hakuna sauti: supape haifungi vizuri, inaungua, na motere inakosa nguvu.

Kwanza, sikiliza. Sauti nyepesi ya juu ni ya supape. Sauti nzito ya chini, inayozidi trakteri ikivuta jembe, ni mambo ya bieli: zima motere.

Pili, angalia mafuta. Fungua kifuniko, washa motere polepole. Mafuta yanapaswa kutiririka juu ya kila kilbiteri. Kama pamekauka, njia ya mafuta imeziba, na piesi mpya zitakwisha vilevile.

Tatu, zima motere, iache ipoe, kisha shika kila kilbiteri na kuitikisa huku supape yake ikiwa imefungwa. Ikicheza juu-chini, shafti imelika. Itoe, pitisha kidole upande wa chini: hapo ndipo inalika zaidi.

Nne, tazama ncha ya kilbiteri. Ikiwa na kishimo, kipimo kitakudanganya: kibao cha kupimia kinapita juu ya kishimo, kinasema 0,30 wakati nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Hii ndiyo sababu wengine wanarekebisha kila wiki na kelele hairudi nyuma. Ncha isawazishwe kwa fundi mwenye mashini, ao kilbiteri ibadilishwe.

Tano, bingirisha kila fimbo ya kusukuma kilbiteri juu ya kioo. Ikirukaruka, imepinda.

Moshi wa bluu asubuhi motere ikiwaka, kisha unapungua, unaonyesha kwamba gidi za supape zimechoka. Hapo kichwa cha motere kitatoka kweli. Lakini shafti, kilbiteri na fimbo vinabadilishwa kutoka juu, bila kugusa pistoni.