Kaakaa Likipanuliwa, Je, Pua Hunufaika?

Kaakaa ni dari ya kinywa, na dari hiyohiyo ndiyo sakafu ya pua. Likiwa jembamba na limepanda juu sana, njia za pua nazo huweza kuwa finyu. Mtoto hulala kinywa wazi, hukoroma, na pengine harufu hazimfikii sawasawa.

Mishipa ya kunusa imejificha juu kabisa ndani ya pua, na harufu huifikia kwa kubebwa na hewa. Hata ladha ya chakula kwa sehemu kubwa ni harufu inayopanda kutoka kooni. Kwa hiyo, kijana anayelalamika kwamba pilau haina ladha, au asiyetambua kuwa maziwa yanaungua jikoni, asihesabiwe upesi kuwa anadeka au ni mzembe.

Matibabu ya kupanua kaakaa si mageni. Mwaka 1860, daktari wa meno Emerson Angell wa San Francisco, Marekani, alieleza jinsi alivyompanua taya la juu msichana wa miaka 14. Siku hizi kipanuzi hufungwa kwenye magego ya juu. Skrubu yake huzungushwa kidogo kidogo nyumbani, mara nyingi na mzazi, kiasi cha robo milimita kila mara. Mfupa huachana taratibu katikati, kisha mfupa mpya hujaza nafasi. Mwanya unaotokea baina ya meno ya mbele ni jambo la kawaida, wala usimtishe mama.

Watoto waliopimwa kabla na baada ya matibabu wameonekana kupitisha hewa puani kwa wepesi zaidi, na baadhi ya vipimo vimeonyesha wakitambua harufu hafifu kuliko awali. Hata hivyo, vipimo hivyo vilihusu vikundi vidogo. Kaakaa hupanuliwa kwa sababu ya meno na taya. Kunusa vyema ni faida ya ziada, si ahadi.

Basi mzazi aanze kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani mafua ya mzio na tezi zilizovimba nyuma ya pua nazo huziba harufu. Ikibainika kuwa tatizo ni kaakaa, asichelewe. Ujana ukisonga, kiungo cha mfupa huo hukaza, na huenda upasuaji ukahitajika. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.