Mbavu za Sikukuu: Nyama Ndiyo Iamue Mapishi

Krismasi ikikaribia, wateja wengine huagiza buchani kipande kikubwa cha mbavu za ng'ombe, na mifupa yake, cha kuokwa kizima na kukatwa mezani. Maelekezo yake mengi yanatoka Marekani na Uingereza, na yaliandikwa kwa nyama ya huko. Mpishi wetu anayafuata hatua kwa hatua, na bado wageni wanatafuna mpaka taya zinauma.

Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu. Kwa mkato wa Kimarekani, kipande hiki hutoka ubavu wa 6 hadi wa 12, nyuma ya bega. Mnofu uliolalia mbavu hizo haufanyi kazi nzito kama wa mguu au shingo, hivyo hauna kolajeni nyingi. Kolajeni ndiyo inayoifanya nyama iwe ngumu, na hulainika ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi na kuendelea. Mnofu laini ukipikwa hivyo hukauka tu.

Kwa nyama laini, njia ninayoipendekeza ni kuanza na moto mdogo. Ipake chumvi usiku wa kuamkia sikukuu na uiache wazi kwenye friji, uso wake ukauke. Oka kwa nyuzi 120 hadi kipimajoto kilichochomekwa katikati, mbali na mfupa, kisome 63. Ipumzishe nusu saa, kisha irudishe kwenye oveni ya nyuzi 250 kwa dakika sita hadi kumi ipate rangi. Ukianza na moto mkali, pembeni hukauka kabla ya katikati kuiva.

Wapenzi wa nyama nyekundu huitoa ikiwa nyuzi 52 tu. Sikushauri. Idara ya Kilimo ya Marekani inapendekeza nyuzi 63 na mapumziko ya dakika tatu, na kwetu kuna hatari ya tegu, mnyoo anayeweza kumpata mtu kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva. Hakikisha pia nyama ina muhuri wa mkaguzi.

Njia hiyo inataka ng'ombe mchanga aliyenenepeshwa, na nyama iliyokaa kwenye chumba cha baridi wiki mbili au zaidi, vimeng'enya vyake vikalegeza misuli. Nyama ya bucha la mtaani mara nyingi imechinjwa alfajiri ile ile, na huenda ni ya ng'ombe wa nundu aliyezunguka malishoni miaka mingi. Kabla ya kulipa, tazama mfupa ulipokatwa. Wa ng'ombe mchanga una wekundu na vitundu; wa mkongwe ni mweupe na mgumu. Kisha tazama mnofu. Ukiona nyuzi nyembamba za mafuta zimepenya ndani, hiyo inafaa kuokwa kavu.

Usipoziona, na mfupa ni mweupe, badili mapishi. Pakaza tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, weka mbavu kwenye sinia lenye kina pamoja na vikombe viwili vya maji, funika kabisa kwa foili, na uoke kwa nyuzi 150 kwa saa tatu hadi nne, mpaka uma uingie bila kulazimishwa. Fungua, paka mafuta kidogo, na uongeze moto hadi nyuzi 230 kwa robo saa. Maji yaliyobaki ndiyo mchuzi wako. Papai bichi linasaidia, lakini hulainisha uso zaidi kuliko ndani. Likilala na nyama usiku kucha, uso hugeuka uji.

Kwa hiyo muulize muuza nyama mambo mawili: ng'ombe alikuwa na umri gani, na alichinjwa lini. Asipojua, pika kwa kufunika. Nyama laini iliyofunikwa itaharibika kidogo tu, lakini nyama ngumu iliyookwa kavu hailiki.