Tuwafunze vijana kutaja hisia, si madhara ya mihadarati pekee

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa shule ya upili humu nchini ambaye hajawahi kuandika insha kuhusu madhara ya dawa za kulevya. Insha hizo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Huanza kwa methali, huorodhesha pombe, bangi, miraa na heroini, kisha hutaja wazimu, wizi, Ukimwi na kifo. Mwalimu hutia alama ya vema na daftari hufungwa. Hata hivyo, miongoni mwa walioziandika wamo vijana tunaowakuta leo wakisinzia katika maskani za Mombasa, Malindi na Lamu, ambako heroini, au unga kama iitwavyo huko, imekuwa ikiangamiza watu tangu miaka ya 1980.

Ni dhahiri basi kwamba kuyajua madhara si kinga ya kutosha. Ipo elimu nyingine ambayo tumeipuuza, nayo ni elimu ya kuzifahamu hisia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa maradhi ya akili nchini Marekani, Peter Sifneos, alibuni istilahi aleksithimia kutokana na Kigiriki. Kiambishi cha kwanza ni kikanushi, leksis ni neno, na thimos ni moyo au hisia. Maana yake ni kukosa neno la kutajia yaliyomo moyoni. Mtu wa aina hii hakosi hisia. Anazo tele, ila hawezi kuzitenganisha wala kuzitaja. Ukimwuliza ana nini, atakujibu kwamba kifua kinambana au kichwa kinamwuma, wala hatambui kwamba ana hofu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hali hii hupatikana zaidi miongoni mwa waraibu wa pombe na mihadarati kuliko miongoni mwa watu wengine.

Je, ni hali hiyo inayoleta uraibu au ni uraibu unaoileta? Aghalabu mambo haya mawili hulishana. Asiyeweza kuielewa dhiki yake huitafutia kitu cha kuizima. Nayo heroini, inapotuliza maumivu ya mwili, hutuliza na ya moyo, hata mtumiaji asipate nafasi ya kujifunza kuomboleza, kukasirika au kuaibika akiwa na akili timamu.

Mnamo 2007, Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoitazama katika picha ya uso, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu hupunguza msukosuko wake. Mnamo 2010, Todd Kashdan na wenzake waliwachunguza vijana wa Marekani waliokuwa wakinywa pombe kabla ya kufikia umri unaokubaliwa na sheria. Walipozidiwa na hisia kali za uchungu, wale waliojua kuzipambanua walikunywa kiasi kidogo kuliko wale waliozichanganya zote kuwa uchungu mmoja.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na kazi yangu ni kusikiliza maneno. Niliwahi kuzungumza na kijana wa Pwani aliyekuwa akitibiwa uraibu wa heroini. Alinieleza habari za kete na stimu kwa ufasaha wa kustaajabisha. Arosto, yaani mateso yanayompata mraibu anapokosa dawa, aliichambua hatua kwa hatua: miayo, kamasi, baridi, kisha viungo kuuma kana kwamba vinavunjwa. Nilipomwuliza alihisi nini siku aliyozikwa babake, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Nilisikia vibaya tu, mwalimu. Nikaenda maskani.”

Kijana huyo alikuwa na msamiati kamili wa dawa, lakini hakuwa na neno la msiba wake.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Tunayo majonzi, simanzi, jitimai na kihoro. Haya humzuia mtu asitende ovu, aibu humpata akishalitenda, na fedheha humfika mbele ya watu. Hamaki ni moto wa mabua, ilhali kinyongo ni kaa lililofunikwa na jivu. Lakini shuleni maneno haya tunayafunza kama mapambo. Mwanafunzi huandika kwamba machozi yalimtiririka njia mbilimbili, nasi humtuza alama bila kumwuliza kama amepata kulia, na kwa nini. Nyumbani huambiwa kwamba mwanamume halii. Akiulizwa hali, atasema yuko poa, na akilemewa atasema ana stresi. Maneno hayo mawili hayawezi kubeba maisha ya mtu mzima.

Nawasihi walimu wenzangu waanze na jambo dogo. Mwanafunzi aandike kuhusu siku aliyoona haya, kisha aeleze kwa nini haikuwa aibu wala fedheha. Asilazimishwe kuisoma mbele ya darasa. Na anaposhikwa na bangi, kabla ya kutimuliwa, aulizwe anakimbia nini, na apewe muda wa kulitafuta jibu.

Sidai kwamba maneno yanatibu arosto. Ndiyo maana ni jambo la kushukuriwa kwamba tiba ya methadoni ilianzishwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha ikafika Malindi na Mombasa. Lakini dawa hiyo hutuliza kiu ya mwili. Mwili ukishatulia, yale yaliyozimwa kwa miaka mingi hurejea, na hapo wengi hushawishika kurudi maskani. Asiyeweza kusema “hiki ni kihoro, nacho kitapita” hukiona kuwa ni ugonjwa mpya unaodai dawa ile ile ya kale.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli. Lakini kijana atayafichua vipi maradhi ambayo hakuna aliyemfunza jina lake?